Ubeti Wetu Kwenye Albamu ya Chumvi Nyeusi

Bagamoyo,
Jumatano, baada ya Adhuhuri.

Kwako Dija, binti wa shangazi yangu,

Assalamu alaykum. Nakujulia hali wewe na shangazi, na hao madereva wote mnaowapikia hapo Ubena. Je, mguu wa shangazi uliomwagikiwa na uji umepona? Kama yuko karibu nawe, mpe shikamoo yangu sasa hivi kabla hujasoma zaidi, kwa sababu huko mbele sina hakika kama atataka kuipokea. Sisi huku ni wazima. Presha ya Bibi imeshuka kidogo, na chakula anakula. Mimi nasoma. Mtihani wa kidato cha nne umekaribia, na maktaba ya shule imepata vitabu vipya viwili tu, vyote vya kemia.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu nimeshindwa. Mara mbili nimetafuta namba yako, na mara mbili nimekata kabla haijaita.

Nilikwisha kukusimulia kwamba mwaka jana walikuja watu wa filamu kwenye mashamba ya chumvi. Filamu yenyewe waliiita Chumvi Nyeusi. Walitaka mwanafunzi wa kuwasahihishia Kiswahili cha waigizaji, na mwalimu akanipeleka mimi. Nilikaa juu ya gunia na penseli yangu, nikiona haya hata kuomba maji. Jambo nisilokusimulia ni muziki. Alikuwapo kijana wa Dar anaitwa Hamidu, mwimbaji wa bendi ya Kutu, ambayo ndiyo iliyotengeneza albamu nzima ya filamu ile. Wanapiga roki nzito, ile inayoitwa metali. Mara ya kwanza nilidhani jenereta limeharibika. Mara ya tatu nilimwomba arudie. Niliupenda, Dija. Mimi ambaye darasani nikiambiwa nisome kwa sauti huficha uso nyuma ya kitabu, nilihisi kama kuna mtu amekubali kupiga kelele zangu zote.

Albamu ilipotoka, vijana wa bodaboda waliiweka kwenye simu zao kwa sababu filamu ni ya hapa kwetu. Siku moja tulikuwa barazani tunachambua mchele, mimi, Bibi na jirani yetu Bi Arafa. Farhan akasimamisha pikipiki kungoja abiria, spika yake ikiwa wazi. Hamidu akaanza kunguruma. Bi Arafa akauliza huyo mwanamume amekwamwa na mwiba wa changu au anatapika. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, akamwambia Farhan ampeleke hospitali upesi badala ya kumzungusha mjini. Farhan akamjibu, “Bibi, huu ndo muziki wenyewe, we subiri mwisho.”

Mwisho wake umekwisha kuusikia. Magita yananyamaza, ngoma zinanyamaza, na Hamidu anasema maneno kwa sauti ya kawaida, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Ubeti mzima. Na Farhan, na vile vindevu vyake vitatu, akausema pamoja naye bila kukosea hata neno.

Siuandiki hapa. Ni ubeti wetu, ule wa kuuaga utoto, ambao Bibi alitutungia alipokuwa kungwi wetu. Unajua kwamba kila kundi la wanawali wanaowekwa ndani hutungiwa ubeti wao peke yao, na kwamba tuliapa tusiutoe palipo na mwanamume. Mwaka ule tuliowekwa ndani tulikuwa wawili tu, mimi na wewe.

Bibi aliuweka ungo chini. Akamuuliza Farhan nani kaandika maneno hayo. Farhan akatazama simu, akasoma: Maneno, Mwali. Basi. Bi Arafa hakungoja. Akaninyooshea kidole, akasema huyu Miza hata chumvi mezani anaiomba kwa kunong’ona, mdomo wake umeshonwa kwa vitabu, lakini yuko mwingine Ubena anayepiga soga na madereva wa malori kutwa, akimimina chai huku anaimba. Bibi akanigeukia, akaniuliza kama najua lolote. Nikatazama mchele. Nikasema sijui, Bibi.

Tangu hapo mambo yamekuwa mabaya. Wanawake walianza kumsema Bibi, eti Bi Ashatu ameuza unyago kwa watu wa sinema. Familia mbili zilizokuwa zimemwomba awafunde binti zao zimewapeleka kwa kungwi wa Fukayosi. Bibi hakulalamika, ila alitoa lile neno ambalo limekufikia, kwamba katika harusi ya ndugu yetu Mina usikanyage chumbani kwa bi harusi.

Ukanipigia simu unalia. Ukasema labda mtu alitega sikio dirishani siku zile. Hukunishuku hata kidogo. Ukaniambia, “Miza, wewe unanijua, nisemee kwa Bibi.” Nikakuahidi kwamba nitakusemea. Zimepita wiki tatu, na kila siku nimekaa naye sahani moja nisifungue mdomo.

Dija, niliyeutoa ni mimi.

Hamidu alikuwa anatafuta maneno ya wimbo wa mwisho, pale mama anapomuaga mwanawe. Nikampa shairi langu nililolihangaikia siku mbili, lenye vina vya kati na vya mwisho. Akalisoma, akanishukuru kwa adabu, akasema ni zuri ila linanuka chaki. Wenzake wakacheka, na sidhani walikuwa na ubaya. Lakini uso uliniwaka. Nikamwambia ninalo jingine. Nikageuza karatasi ileile, nikauandika ubeti wetu upande wa pili. Akausoma kimya, akavua kofia, akaniuliza nani kautunga. Nikasema mimi.

Alipouliza aandike jina gani, hofu ikanishika, nikasema andika Mwali. Nilijiambia kuwa muziki ule hakuna mtu wa kwetu atakayeusikiliza, na hata akiusikiliza, katika makelele yale nani atatambua neno? Sikujua kwamba Hamidu angeyanyamazisha magita yote ili ubeti usikike. Alifanya vile kwa kuuheshimu. Yeye aliuheshimu kuliko mimi.

Liko jingine, nalo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Niliusikia kabla ya Bibi, shuleni, kwa simu ya mwenzangu. Kabla ya kuogopa, nilifurahi. Nilitamani nimwambie yule mwenzangu kwamba maneno yale ni yangu, na kwa kitambo kidogo niliamini kweli ni yangu.

Hapa naiweka kalamu. Nakwenda kumsomea Bibi barua hii kuanzia salamu mpaka mstari huu, maana nikiituma kabla hajaisikia, nitakuwa nimejificha tena nyuma ya karatasi.

Nimerudi. Alasiri imepita.

Bibi alikuwa anasuka mkeka. Nilisoma yote na hakuacha kusuka. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kwamba yule kijana alipovua kofia, mimi nilijionaje. Nikamwambia nilijiona mkubwa. Akasuka mpaka mwisho wa ukili, kisha akasema nikuandikie hivi. Uje harusini, nafasi yako chumbani iko palepale. Bi Arafa na wengine atawaambia yeye mwenyewe, akinitaja mimi kwa jina, na wewe atakuomba radhi kwa kinywa chake ukiwa mbele yake. Nami nimwandikie Hamidu leo hii, aufute ubeti au afute uongo wa jina la mtunzi, ajue kwamba mtunzi wake yuko hai.

Nikauliza, na mimi Bibi? Akasema ubeti ule ulikuwa wa kuuaga utoto, nami nimeutupa barabarani, basi utoto sijauaga. Siku ya harusi nitakaa nje na watoto. Hakusema kwa hasira. Akanionyesha kwa kidole niwashe jiko.

Nisalimie shangazi, umwambie ukweli huu wewe kabla hajausikia kwa wapita njia. Wasalimie na wote wanaonikumbuka hapo kwenu. Barua utapewa na utingo wa basi linalopitia Msata. Radhi yako naitaka, Dija, lakini usiitume kwa kunionea huruma. Ukija, utanikuta uani nachambua mchele. Ukipenda simama, ukipenda nipite uingie ndani.

Wassalamu,
Miza