Kimea Jikoni mwa Kanisa

Jumamosi jioni, Kitui mjini. Mwezi wa nane huu, asubuhi mawingu, mchana vumbi.

Nimeingia nyumbani, nimevua viatu, na uso umekataa kutulia. Jirani ameniona pale mlangoni akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Nimemwambia ni zaidi ya cheo.

Tumeshinda.

Ngoja nianze na mwanzo, maana nikianza na mwisho nitajisifu mpaka simu iishiwe chaji.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya wasichana hapa mjini. Kazi yangu ni kuosha vyombo vya kioo, kupima kemikali na kuhakikisha hakuna mwanafunzi anayeichoma sketi yake. Jumamosi huwa niko Tulia, kijijini kwetu, na kikundi cha akina mama wa kanisa. Mwaka huu niliwashawishi tuache kidogo kusuka vyondo, tutengeneze unga wa uji wa watoto kwa wimbi lililooteshwa.

Wimbi likilowekwa na kuachwa liote, ndani ya punje vimeng'enya vinaamka. Kazi yake ni kukatakata wanga kuwa sukari ili chipukizi lipate chakula. Ukikausha kimea hicho vizuri, vinatulia. Ukikisaga, ukatia unga wake kidogo kwenye uji mzito uliopoa kiasi, vinarudi kazini na uji unalegea bila kuongezwa tone la maji. Unauchemsha tena kidogo kwa ajili ya usafi, na mtoto anakunywa kikombe chenye unga wa kutosha, si maji yaliyotiwa rangi. Wenye viwanda wanavijua vitu hivi siku nyingi. Wanavitumia kusafisha sharubati ya matunda, kulainisha ngozi, hata kwenye sabuni ya unga inayotoa damu kwenye shuka. Sisi tulitaka uji tu.

Bi Kavata, mama mwenye kiwanda kidogo cha unga kule Wote, Makueni, alikubali kutujaribu. Tukampelekea mfuko wa kwanza. Akapika uji, akatia unga wetu, akangoja. Uji ukabaki mzito vilevile, mwiko unasimama wenyewe. Mfuko wa pili, hivyohivyo. Akanipigia simu kwa upole ulioniuma kuliko matusi. Akasema Jumamosi hii atakuja mwenyewe Tulia, na ikishindikana tena atatafuta watu wengine.

Mwenyekiti wetu ni Mama Mwikali, mama mtu mzima, mpole mpaka umguse pale pasipogusika. Yeye hakuwahi kuipenda habari ya kimea. Aliposikia kuhusu simu ile alisimama mbele ya kikundi akasema tukishindwa mara hii tunarudi kwenye vyondo vyetu, na jiko la kanisa halitaonja kimea tena. Nusu ya akina mama wakaitikia. Mimi ndiye niliyeleta wazo, na wote waligeuka kunitazama.

Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa hasira, na nikikasirika huwa napima vitu.

Shule zimefungwa, kwa hiyo maabara yote ilikuwa yangu. Nilipika uji mwembamba wa mahindi, nikaugawa kwenye neli mbili za kioo, nikaziweka kwenye maji ya moto wa wastani. Ya kwanza nikaitia maji ya unga wa kikundi, ya pili maji ya kimea nilichootesha mwenyewe nyumbani kwenye sinia. Kila baada ya muda mfupi nilichota tone, nikaliacha lipoe kwenye kigae cheupe, nikaliwekea iodini. Penye wanga, iodini hugeuka bluu iliyokolea karibu nyeusi. Wanga ukiisha, inabaki na rangi yake ya kahawia. Rangi nyeusi ikitoweka upesi unajua vimeng'enya vina nguvu. Hakuna njia ya kuvihesabu kwa macho, unavijua kwa kasi ya kazi yake.

Neli yangu ilifika kahawia kabla chai yangu haijapoa. Ile ya kikundi ilibaki nyeusi, na nilipochoka kungoja ilikuwa nyeusi bado.

Unga wetu ulikuwa umekufa. Ila nani aliuua? Nikashuku wimbi kuukuu, nikalipima, liliota vizuri. Nikashuku maji ya kisima yenye chumvi, nikaoteshea hayohayo, kimea kikafanya kazi. Nikaishiwa na watuhumiwa.

Jumatano nikaenda Tulia bila kumwambia mtu.

Niliwakuta jikoni mwa kanisa wakiimba. Kikaango kikubwa kile cha harusi kiko juu ya moto, Mama Mwikali mwenyewe ameshika mwiko, na ndani yake kimea chetu kinakaangwa mpaka kinakuwa na rangi ya kahawa. Harufu ilikuwa tamu ajabu. Nikakaa chini kwenye gunia.

Nilipouliza, walinijibu bila kuficha chochote, kama mtu anayeeleza kwamba kuku hunyonyolewa kabla ya kupikwa. Kimea kina harufu ya pombe. Kila mtu Ukambani anajua kimea cha wimbi ni cha nini. Wao ni watu waliookoka, na walikuwa wamekubaliana tangu siku ya kwanza kwamba hakuna kimea kitakachotoka kwenye jiko lile kabla ya kupita motoni. Hawakuniambia kwa sababu hawakuona cha kuniambia. Hata mimi, ningekuwa na akili, ningeuliza.

Mama Mwikali aliendelea kugeuza mwiko. Kisha akasema, pole pole, bila kunitazama:

"Ndunge, wewe unajua vitu ya shule. Mimi najua vile baba yangu alikufa. Hiyo kitu ya kufanya pombe, lazima moto iue."

Na moto uliviua vimeng'enya kweli. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kubisha kwa sauti. Alikuwa amelenga kitu halisi, akakipiga sawasawa, na kitu chenyewe ndicho tulichokuwa tunauza.

Nilijaribu kueleza kwamba kimea kinatengeneza sukari tu, na pombe inakuja baadaye, sukari ikiachwa siku kadhaa hamira iile. Nilieleza vizuri sana. Hakuna aliyeshawishika. Mwishowe nikaomba kitu kimoja: nusu ya kimea ilikuwa bado kwenye magunia, haijaguswa na moto. Waniachie nikianike juani. Wimbi ni lilelile, maji yaleyale, mikono ileile. Mama Mwikali akakubali, mradi hicho kisilale kanisani. Kililala kwangu, juu ya turubai, na kwa mawingu haya nilikuwa natoka nje kila saa kuangalia jua kama mtu anayengoja mgeni.

Sasa leo.

Bi Kavata alifika na dereva wake, akasalimia kila mtu kwa mkono, akakaa. Tukapika uji mmoja mzito, tukaugawa kwenye sufuria mbili. Tukangoja upoe hadi pale mvuke unapotulia, maana uji unaotokota nao unaua, moto ni moto tu. Nilimwomba Mama Mwikali ashike mwiko yeye. Nilisema ni kwa heshima ya kiti chake. Ukweli ni kwamba nilitaka aone kwa mkono wake, na kama ni kushindwa, basi nishindwe mbele yake.

Kwanza akatia unga uliokaangwa. Akakoroga, akakoroga. Mwiko ukasimama. Kuna mtu nyuma akaguna.

Akahamia sufuria ya pili, akatia unga wa juani. Akakoroga. Mwanzoni hakuna kitu. Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi. Halafu nikaona bega lake. Bega lililokuwa linasukuma kwa nguvu lililegea, kwa sababu uji ulikuwa umeacha kumpinga. Akainua mwiko na uji ukateremka kama mtindi. Akaurudisha, akauinua tena.

Tukauchemsha tena kidogo. Bi Kavata akajimiminia kikombe, akampa na Mama Mwikali. Mama Mwikali aliunusa kwanza. Akaonja. Akageuka kututazama mmoja mmoja, kwa macho ya mtu aliyeibiwa.

"Nani ametia sukari hapa?"

Kopo la sukari lilikuwa ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo uko shingoni mwake mwenyewe.

"Hakuna mtu, mwaitu," nikamwambia. Ndivyo tunavyowaita mama zetu. "Ni kimea."

Alikunywa kikombe chote, taratibu, amesimama. Bi Kavata alikuwa ameshaanza kuuliza tunaweza kumtolea magunia mangapi kwa mwezi, akina mama wameshaanza kujibu wote pamoja, na mimi sikuwa nawasikia. Nilikuwa namwangalia yeye. Aliweka kikombe chini akasema:

"Pombe ya baba yangu ilikuwa inaanza tamu hivi."

Kisha akasema kwamba unga utaanikwa juani, sawa. Lakini katika jiko hili, uji wa kimea utanywewa siku ileile unapopikwa. Hakuna sufuria itakayolala na kitu ndani. Kabla jua halijazama kila chombo kitakuwa kimeoshwa na kupinduliwa, na yeye atapita kukagua. Kesho watoto wa Shule ya Jumapili ndio watakaoanza.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Somo lote nililoshindwa kulifundisha Jumatano, sukari leo na pombe baadaye, ameligeuza sheria ya jikoni kwa sentensi tatu.

Shajara, nakiri nimeshangilia kupita kiasi. Nimecheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Bi Kavata amecheka mpaka akashika meza. Sijutii hata kidogo.

Nilipokuwa naondoka Mama Mwikali alinifuata hadi barabarani, amebeba kile kikaango kikubwa. Akaniwekea mikononi. Akasema sasa hakina kazi kanisani, nikatafute cha kukaanga.

Kiko hapa mezani ninapoandika, kimejaza nusu ya jiko langu. Bado kinanukia wimbi. Kesho naamka mapema kukaangia njugu, niwapelekee wale watoto watafune wakinywa uji wao, kabla mama huyo hajapita kukagua sufuria.