Kompyuta ya Mjomba Inayonong'ona Kijerumani

Mpendwa Mama Frema, naomba msaada wako kabla kicheko hakijaniua, maana nacheka huku naogopa, mimi ni fundi hapa Kumasi, karakana yetu inaunda kompyuta kuanzia saketi mpaka kasha, na kila ninayoimaliza naandika jina langu ndani ya mfuniko, sasa watu wa mchumba wangu Boahen walipokuja kubisha hodi, yaani kuniposa, mjomba wangu Amankwaa, kaka wa mama, akadai pombe ya Uholanzi na kompyuta ya Ulaya, akasema, "Za hapa kwetu? Redio zenye kiburi hizo," nami kwa hasira nikampa Boahen niliyoiunda mwenyewe ampelekee, nikakwangua nembo yetu, nikabandika stika ya Kijerumani niliyoitoa kwenye friji kuukuu, na mjomba kaipenda kupita kiasi, anaita majirani waje kusikiliza feni, "Sikieni inavyonong'ona. Kijerumani hicho," nikakimbilia jikoni kung'ata kitambaa, ila jana kasema Jumamosi, mbele ya wageni wote wa harusi, yeye kama mwenyekiti wa kamati ya shule atatangaza waagize arobaini kama hiyo Ujerumani, na sisi hatujapata kazi tangu Pasaka, nikisema ukweli namwaibisha na harusi itavunjika, nikinyamaza kazi yangu inakwenda ng'ambo, nifanyeje?

Serwaa, Suame, Kumasi

Serwaa binti yangu, nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama naumwa. Sasa nyamaza nikugombeze. Umemdanganya mjomba wako, na jina la karakana umelikwangua kwa mkono wako, halafu unalia kwamba watu hawalijui. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumamosi.

Usimuumbue ukumbini. Nenda kesho asubuhi, mtangulize mama yako akuombee radhi kwa kaka yake, na Boahen awepo, maana naye ameshiriki. Kisha mpe mjomba bisibisi. Usimfungulie, afungue mwenyewe, asome jina lako mwenyewe. Atafoka. Mwache afoke mpaka achoke, ndipo umuulize: Jumamosi nani atajivuna zaidi, mwenye kompyuta ya Mjerumani, au mwenye mpwa aliyeiunda?

Wajomba wa namna hiyo nawafahamu, wangu alikuwa mmoja wao. Jumamosi atasimama na bisibisi mfukoni, na utakapotaka kueleza atakwambia, "Kaa chini, bibi harusi. Hii ni yangu kuwaonesha." Kaa chini kweli, uhesabu kompyuta zako arobaini.

Na ile stika, irudishe kwenye friji.