Digrii ya Ekolojia ni Mbuzi Wangapi?

Jumanne, 29 Julai 2025

Baba ameniita sebuleni, nikaenda kama mtu aliyeitwa na chifu. Jumamosi wazee wa kina Mbuvi, mchumba wangu, wanakuja kutoka Matiliku kuzungumza mahari, na yeye hana bei yangu! Msichana wa form four, bei anaijua. Nesi pia — binamu yangu Nzisa aliongezewa mbuzi ishirini kwa ajili ya ile yunifomu. "Lakini hii yako," akasema, "hii ya ekolojia, watu huongeza ngapi?" Nikamwambia sijui. Akataka kujua basi nilifundishwa nini miaka minne.

Aliuza ng'ombe watatu na kipande cha shamba kwa hiyo miaka minne. Tangu nihitimu, mwaka na nusu, nimepata kazi moja: kuwashikia wakubwa miche wakipigwa picha za kupanda miti. Siku moja. Nililipwa fulana.

Alhamisi, 31 Julai

Kitui, intavyu. Shirika la mazingira, ofisi safi, feni juu. Vyeti vyangu viliwafurahisha sana. Wananitaka! Miezi sita bila mshahara, chakula nibebe mwenyewe, na ingefaa niwe na pikipiki yangu. Yule mama wa ofisi akasema nitapata exposure, yaani nitajulikana.

Nimerudi nyumbani Tawa na exposure yangu, nikamkuta Baba mlangoni. Akauliza, walisema watanilipa ngapi? Nikasema bado wanafikiria. Mbuvi naye ametuma ujumbe kwamba ananipenda hata bila kazi. Yeye ni mwalimu anayelipwa na wazazi wa shule, yaani wakikumbuka. Nilicheka, halafu nikalia kidogo.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeharibu!

Walikuja wazee sita. Msemaji wao ni Mzee Mulinge, baba mdogo wa Mbuvi. Baba akafungua na mbuzi hamsini na tano: arobaini wa kawaida, kumi na tano wa digrii. Mimi na Mama tulikuwa jikoni tukisikia kila neno, mabati hayafichi kitu. Mzee Mulinge hakugusa wale arobaini. Aliuliza tu hao kumi na tano ni wa nini.

"Ni ya ekolojia," Baba akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Mzee mmoja akauliza kama ni ile ya kupanda miti, maana miti hata yeye hupanda na hajaona mlango wa yunivasiti. Ndipo nikaitwa.

"Mwana wakwa, mtoto wangu, ebu tuambie," Mzee Mulinge akasema. "Hii kitu ulisoma inafanyanga nini?"

Nikamweleza kwamba naweza kukagua shamba, nikamwambia mwenye shamba ni mifugo wangapi watakula pale mwaka mzima bila nyasi kuisha na udongo kwenda na mvua.

"Hata hii ya baba yako?"

"Hata hii, mzee."

"Inabeba mbuzi ngapi?"

Ningekohoa. Ningesema nimesahau. Mtu mwenye akili timamu angezimia pale pale.

"Nane," nikasema.

Wazee walicheka mpaka mmoja akatema chai. Mzee Mulinge akasema basi wataleta nane, hawawezi kumharibia mkwe shamba. Baba alinirudisha jikoni kwa macho tu. Mazungumzo yameahirishwa, na hakuna aliyetaja tarehe.

Jumapili, 3 Agosti

Baba hasemi nami. Anapitia kwa Mama: mwambie huyo mtaalamu alete chumvi. Naogopa. Nampenda Mbuvi, na huenda nikamkosa kwa kutoa jibu sahihi.

Jumanne, 5 Agosti

Mzee Mulinge amepiga simu! Si mambo ya mahari. Ana ekari arobaini kule Matiliku, ng'ombe wake wanakonda kila kiangazi, na tangu Jumamosi ile "nane" haimtoki kichwani. Anataka nikamkagulie shamba. "Sasa wewe unachaji ngapi kwa siku? Fikiria, nitakupigia saa kumi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Hata mmoja!

Nikamwambia Mbuvi. Akasema nisijaribu kumchaji, ni familia, wataniona aje? Mama anasema nipokee nauli, nirudi na heshima yangu. Baba amevunja kimya cha siku tatu kutangaza elfu ishirini kwa siku, na mbuzi hamsini na tano wabaki palepale, maana hiyo digrii alilipia yeye. Nikimtoza Mzee Mulinge, naingia kwenye ndoa nikiwa na risiti mkononi. Nisipomtoza, basi miaka minne ilikuwa ya bure kweli, na safari hii nitakuwa nimesema mwenyewe.

Nimeandika elfu moja, nikakata. Elfu tano, nikakata. Elfu tatu — kwa nini tatu?

Saa kumi. Ni yeye. Baba yuko mlangoni ameninyooshea vidole viwili vya elfu ishirini yake, Mama nyuma yake anatikisa kichwa. Nimemwambia Mzee Mulinge asubiri kidogo, natafuta kalamu. Anasubiri. Namsikia akipumua.

Kalamu ninayo mkononi.