Gari la Wazi na Mtani Wangu Komba

Jumanne, 2 Julai

Msasa tena. Mlango wa kushoto, tangu baada ya sala ya alfajiri hadi saa nne. Chini ya rangi kuna kutu, chini ya kutu kuna kutu nyingine. Vidole vina malengelenge. Asha anasema afadhali ningemletea mke mwenza wa kweli, angalau wangesaidiana kutwanga. Ametania, lakini si sana.

Gari lina milango miwili na turubai la kukunja. Lilikuwa la marehemu baba yake rafiki yangu Abbas, mzee aliyekuwa na duka la jumla Lindi. Nikiwa darasa la tano nililiona likipita wazi, mzee yule amevaa miwani myeusi, mkono mmoja nje. Nikasema nami siku moja. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nane bila kununua hata pikipiki. Sasa nimestaafu, na Abbas kanipa bure kwa sharti moja: litembee.

Nimechelewa kila kitu maishani. Hili nisichelewe.

Jumamosi, 6 Julai

Komba amekuja kutazama nyaya. Fundi umeme wa magari. Zamani dereva wa malori. Lori lilimharibikia hapa Nangurukuru miaka thelathini iliyopita, akasubiri spea, akaoa, hakuondoka tena. Yeye Mngoni, mimi Mmatumbi. Watani. Anaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu, anaweza kuchukua kitu changu mpaka nikikomboe, na mimi sina ruhusa ya kununa. Wala yeye.

Alifungua dashibodi, akacheka hadi akakaa chini. Nyaya zote nyeusi, ukishika zinakatika. Salfa. Gari lilikaa ghalani kwa Abbas miaka ishirini na mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, imepangwa juu yake, hadi kwenye viti. Nilimpigia Abbas. Akasema mifuko ile aliipanga mwenyewe, kwa mikono yake, kwa sababu ghala lilikuwa dogo. Nilimwonea huruma. Gari la baba yake.

Komba akatoa hukumu: "Mtumwa wangu, babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka akapanda mlima kwa miguu. Mimi nitakutengenezea gari, ili safari hii ukimbie kwa heshima."

Atatandika nyaya zote upya. Malipo hataki. Anasema mtumwa hawezi kumlipa bwana wake.

Jumatano, 17 Julai

Wapenzi wa magari ya zamani kwenye kundi la simu nililojiunga nalo wanashangaza. Mtu wa Tanga ambaye sijawahi kumwona kanitumia kioo cha mbele kwa basi, kimefungwa kwa godoro. Mwingine kachora mchoro wa nyaya kwa mkono, kaupiga picha, karatasi kwa karatasi.

Bi Hadija, fundi makochi wa Kilwa Masoko, amekuja kupima turubai. Anapima kwa shubiri na hakosei. Kaniambia fremu imepinda upande, nisijidanganye.

Komba yuko chini ya gari siku ya tisa. Ana miaka sitini na sita na magoti mabovu. Leo nilikosea kumpa waya, akamtangazia Bi Hadija kwamba mwalimu wa hesabu hawezi kuhesabu mpaka nne. Bi Hadija alicheka sana. Nilikasirika. Sikuonyesha. Lakini nilikasirika, na hilo peke yake ni kosa.

Jumapili, 28 Julai

Rangi imeharibika. Kosa langu.

Komba alinionya nisubiri watu wamalize kupuliza salfa mashambani. Nikamjibu, Mngoni atajua nini kuhusu korosho. Jana jioni tukapaka, krimu nzuri kama maziwa ya ng'ombe. Leo alfajiri jirani kawasha mashine yake ya kupulizia mikorosho. Upepo ukaleta kila kitu bandani. Boneti nzima ina vipele.

Komba hakusema "nilikwambia." Alisema gari limepata ndui, tulipeleke zahanati. Kisha akachukua msasa, akaanza upande wake. Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia asikwangue sana.

Ijumaa, 9 Agosti

Wenzetu wanne wa kundi, wa Dar, wanakuja na magari yao Jumamosi ya tarehe 24. Tutakutana stendi hapa Nangurukuru, twende kwa msafara hadi Kilwa Masoko. Mimi nitatangulia. Mimi. Nimepeleka shati jeupe kwa dobi mapema hivi, Asha ananicheka.

Leo nimetoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kandambili yangu moja haipo. Komba yuko ng'ambo ya barabara kaivaa, anadai soda mbili. Waumini wote wakaangua kicheko, hata imamu. Nilitoa soda. Nilicheka kwa mdomo.

Asha kaona uso wangu niliporudi. Kasema, "Ukianza kumnunia mtani, utabaki na nani?"

Alhamisi, 15 Agosti

Limewaka!

Saa tano na robo. Lilikohoa mara tatu, moshi, kisha likatulia na kunguruma. Komba alicheza ngoma ya kwao akizunguka gari, magoti yake mabovu na yote. Abbas alikuwa amekuja kutoka Lindi. Tulimkalisha kushoto, tukaenda hadi njia ya Pande na kurudi, turubai limekunjwa. Tulipofika alibaki kwenye kiti, akipapasa dashibodi ya gari la baba yake.

Nimelia mbele ya watu. Komba kasema sasa betri itapata maji.

Jumatano, 21 Agosti

Sina raha. Nimeota—hapana, sijaota, nimekaa tu nikiwaza mchana kutwa. Naona wageni wanashuka, wana kamera, na Komba ananiita mtumwa. Hawatajua ni utani. Au watajua na bado watacheka.

Nimemwambia. Nilijitahidi kuwa mpole. Nikasema Jumamosi, mbele ya wageni, tuheshimiane.

Aliacha koleo. Akaniuliza, "Tuheshimiane? Kwani nimekukosea nini?"

Nikasema hakuna. Akafikiri natania. Akacheka, akaendelea na kazi.

Jumamosi, 24 Agosti

Msafara umefika Masoko salama. Gari halikuzima njiani. Watu walitoka majumbani kutazama.

Sitaki kuandika leo.

Jumapili, 25 Agosti

Niandike. Nikiacha, baada ya mwezi nitakuwa nimejitungia hadithi nyingine.

Nililiendesha hadi stendi saa tatu, likaenda vizuri. Wageni walifika saa nne. Nikawakaribisha chai na chapati kibandani. Nilizungumza sana. Nilisema "nimetengeneza," sikusema "tumetengeneza." Abbas alinitazama.

Tukatoka. Simu zimeinuliwa, watu wamejaa, makondakta, mama lishe, bodaboda. Nikakaa, nikawasha. Starta inazunguka, moto hakuna. Tena. Tena. Mgeni mmoja akasema magari haya ndivyo yalivyo, pole mzee. Hiyo "pole mzee" iliniingia kama mwiba. Nikafungua boneti, nikafungua distribyuta. Rota haipo. Kidude kidogo tu, kinatosha kiganjani, lakini bila hicho moto haufiki kwenye plagi. Hakitoki chenyewe.

Komba alikuwa kaegemea nguzo ya kibanda cha chipsi, mkono umefunika mfuko wa shati. Anacheka. Anasubiri nimwendee, nipige goti, niahidi kuku, watu wacheke, twende zetu. Nilijua. Nasema hapa ambapo hakuna wa kunisikia: nilijua. Sikudanganyika hata sekunde moja.

Nikapaza sauti, "Mwizi huyo! Mkamateni!"

Neno hilo halisemwi stendi. Kila mtu anajua, mwalimu anajua zaidi. Bodaboda mmoja alimfikia kwanza, akampiga kofi. Mwingine akavuta shati, mfuko ukachanika. Walikuwa wanakuja wengine. Bi Hadija alijitupa katikati, akamkumbatia, akawaambia wampige yeye kwanza. Abbas anapiga kelele kwamba ni watani, ni watani, hamwoni ni watani. Mimi nilisimama na boneti wazi.

Wakamwachia. Rota ilikuwa chini, na karatasi iliyokunjwa. Abbas aliisoma baadaye. Mwandiko wa Komba: *Kombozi, jogoo mmoja, na Mmatumbi apige goti.*

Komba aliinama, akaiokota rota. Akaipuliza vumbi. Shavu lilikuwa limeanza kuvimba. Akaja hadi kwenye gari, akaipachika, akabana kifuniko, akasema, "Washa."

Nikawasha. Likawaka.

Akaondoka kwa miguu kuelekea kwake, anashikilia shati pale lilipochanika. Na mimi, kwa kuwa wageni walikuwa wanasubiri, kwa kuwa barabara ilikuwa imefunguliwa, niliingiza gia nikatangulia msafara. Bi Hadija alikataa kupanda. Abbas alikataa. Niliendesha peke yangu hadi Masoko, turubai limekunjwa, nikiwapungia watoto mkono.

Hilo ndilo. Kelele ilikuwa ya hasira. Kuendesha hakukuwa kwa hasira.

Jumanne, 27 Agosti

Nimekwenda kwake. Mkewe kanipokea bila kunitazama. Komba akatoka, jicho la kushoto limejifunga nusu. Nilijiandaa kutukanwa. Njiani nilikuwa naomba nitukanwe.

Akasema, "Karibu, Mwalimu." Akanipa kiti chenye mto. Akaketi yeye kwenye kigoda.

Niliomba radhi. Maneno yalitoka mabovu. Akasema hakuna neno, mambo hutokea. Akaniuliza habari za nyumbani.

Hajawahi kuniuliza habari za nyumbani. Miaka thelathini huwa anaingia moja kwa moja na kufunua sufuria.

Jumapili, 1 Septemba

Tumefuata utaratibu. Abbas na Bi Hadija walinisindikiza, nikabeba jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote sokoni. Nikapiga goti mlangoni, na mkewe, watoto wake na majirani wakaona. Sikuona aibu. Ningepiga goti stendi pia kama angesema.

Aliniinua kwa mikono miwili. Akasema mbele ya wote kwamba amesamehe, yamekwisha, asiyarudishe mtu. Namwamini. Komba si mtu wa kuweka kinyongo.

Kisha akampokea jogoo, akampima uzito, akasema, "Kuku mzuri. Asante sana, Mwalimu."

Hapo ndipo moyo wangu ulipokufa. Mtani hasifu kuku. Mtani angeuliza kama huyu ni jogoo au ni njiwa mwenye homa, kama Wamatumbi siku hizi wanafuga kunguru. Bi Hadija naye alilisikia hilo. Aliangalia chini.

Asha kaniuliza ilikuwaje. Nikasema amesamehe. Akasema alhamdulillahi. Sikuweza kumweleza.

Jumamosi, 14 Septemba

Picha za msafara zimesambaa kwenye kundi. Wananiita bingwa wa kusini. Nimeandika kwamba nyaya zote ni kazi ya Komba, kila moja, na kwamba bila yeye ningekuwa na banda la kuku. Nimeeleza na nilichomfanyia. Wawili walijibu. Wengine wakatuma dole gumba.

Nimelifunika gari. Asha hajalipanda hata mara moja. Sijamwomba.

Nakutana na Komba kila siku. Ananiamkia yeye kwanza, ingawa kanizidi miaka mitano. Juzi msikitini niliacha kandambili zangu nje kabisa, mbali na za wenzangu, karibu na barabara. Nilipotoka zilikuwa pale pale, zote mbili.

Jumatatu, 30 Septemba

Taa ya nyuma haiwaki. Ningeweza kuitengeneza mwenyewe sasa, nimejifunza. Nilimwita Komba.

Alifika saa aliyosema. Akapiga hodi, akangoja aitikiwe. Alikataa chai ya kwanza, akakubali ya pili, kama mgeni. Kisha akalala chini ya gari, nami nikamshikia tochi. Saa nzima tulizungumza habari za mvua na bei ya mafuta. Shavu limepona kabisa. Hakuna alama.

Alipotoka akajifuta mikono, akaniomba nijaribu. Taa ikawaka, nzuri tu. Nikajikaza. Nikasema kwa sauti kubwa, ile tuliyokuwa tukiitumia, "Taa gani hii? Ndiyo maana babu zenu walitembea kutoka Afrika Kusini kote kule gizani. Mngoni hajui kazi!"

Nikangoja.

Komba alitazama taa. Alitazama kwa makini, kichwa kimeinama. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Ngoja niangalie tena."

Akarudi chini ya gari, polepole, kwa sababu ya magoti. Nikachuchumaa, nikamshikia tochi.