Kura ya Zuena

Kilindoni, Mafia

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Naamini barua hii inakukuta na afya, na kwamba magoti ya Mama yamepata nafuu sasa baridi ya Mahenge inapopungua. Mimi sijambo. Joto la pwani nimelizoea, na samaki nala mpaka nawaona ndotoni.

Uliniagiza nikuandikie, nisikueleze kwa simu, ili uwasomee watoto wako wa kipaimara: fundisho kwamba binadamu ana hiari lilianzia wapi? Hili naweza kulijibu bila kutetemeka. Kiini chake ni cha kale, maana Maandiko yanamwekea mtu uzima na mauti achague. Lakini jina lenyewe, na hoja za kulitetea, walimu wa kwanza wa Kanisa waliyaazima kwa wanafalsafa wa Kiyunani, yapata miaka mia baada ya mitume. Walisukumwa na ubishi. Kulikuwa na wapiga falaki waliosema nyota ndizo zinazomtuma mwizi aibe, na wengine waliofundisha kuwa watu huzaliwa aina aina, hawa wa kuokoka, hawa wa kupotea. Walimu wakajibu kwamba ikiwa ni hivyo mwizi hana kosa, mwema hana sifa, na lawama yote inamrudia Mungu. Walichokitetea kwanza, Baba, ni jina la Mungu, lisisingiziwe.

Karne kadhaa baadaye askofu mmoja, Mwafrika wa kaskazini, alibishana na mtawa kutoka Uingereza. Mtawa alisema mtu akitaka anaweza. Askofu akasema hiari ipo, ila inaumwa, haisimami bila neema. Darasani nilimwona askofu mkali mno. Siku hizi namwelewa, na sababu yake ni habari ya hapa kazini.

Unajua mimi ni karani wa ushirika wa kina mama wanaolima mwani Ndagoni. Maji ya karibu na ufuo yamekuwa moto na mwani unaozea kwenye kamba, kwa hiyo ushirika umepata viwanja ishirini kwenye maji ya kina. Waombaji walikuwa ishirini na sita, ikabidi tupige kura. Niliandika majina kwenye vikaratasi, na mwenyekiti wetu, Bi Mwanamkuu, akavichanganya ndani ya kawa, kile kifuniko cha chakula cha ukindu, lililogeuzwa, akapiga bismillahi, akawa anavitoa huku ameangalia dirishani.

Jina la Zuena halikutoka. Huyu ni mjane, na mavuno yake mawili yameshaoza. Jirani yake Sabra akamtania kwamba kawa lile limezoea kufunika wali, ndiyo maana halimjui mwenye njaa. Wote wakacheka, na Zuena akacheka nao. Siku ya tatu alikuja ofisini peke yake, akaniita mwanangu, akaniuliza kama kweli jina lake lilikuwamo. Nikamjibu kwamba lilikuwamo, na kwamba hayo ni majaliwa ya Mungu, asikate tamaa.

Sasa keti, Baba. Halikuwamo. Siku ya kura jasho la mkono wangu lilichafua wino wa kikaratasi chake, nikakitia mfukoni ili niandike kingine, Mzee Ussi mhazini akaniita, nikasahau. Kesho yake nilikikuta nikifua shati. Kwa hiyo Zuena aliponiuliza, nilikuwa nimeshajua. Kusahau ilikuwa bahati mbaya. Kunyamaza nilichagua mwenyewe. Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa wataniambia mimi mgeni, tena Mkristo, nimefanya kusudi. Mwana wa katekista nikajificha nyuma ya Mungu siku kumi na mbili.

Jana nilimwambia Bi Mwanamkuu. Alinitazama hadi nikatamani sakafu ipasuke, kisha akaniuliza Mwenyezi Mungu nimemwingiza humu kwa nini, na Yeye hana mfuko wa shati. Ameamuru kura irudiwe Alhamisi, kila jina lisomwe kwa sauti kabla halijaingia kwenye kawa. Habari ya kazi yangu kamati itaamua baadaye. Ila kwa Zuena, akasema, niende kwa miguu yangu mwenyewe.

Nilimkuta uani akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikampa kikaratasi. Alikigeuza pande zote mbili. Akasema kwamba siku kumi na mbili amemnunia Mungu, hata akisali midomo ameibana, kumbe wa kununiwa ni mimi. Halafu akanirushia ncha ya pili ya kamba, akaniambia nivute ikaze, mikono si ninayo.

Tukafunga hadi adhuhuri. Alhamisi huenda akakosa tena, lakini safari hii jina lake litakuwamo.

Wasomee watoto na sehemu hii, Baba, wala usilifiche jina langu. Msalimie Mama, umwambie ile sala yake ya kuniombea ujasiri asiipunguze. Wasalimie majirani na wanakwaya wote. Unipe baraka yako.

Mwanao akupendaye,
Gaudensi