Seva Niliyoibadilisha Mimi

Rasbura, Lindi

Mama yangu, shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, nawe ndiwe wa kwanza. Kaka yako amepigwa kwa kosa langu.

Kabla ya hayo, nijulishe hali ya goti lako, na kama mikorosho imeanza kutoa maua. Mimi ni mzima wa mwili. Najua habari imeshafika huko Kiranjeranje kwamba mjomba alizima kompyuta za duka lake la intaneti ili auze matokeo ya mtihani. Mama, hakuzima.

Dukani kuna kompyuta kumi na mbili, na katika chumba cha nyuma kuna moja inayozigawia zote kurasa. Hiyo ndiyo seva. Programu yake ya zamani ilikuwa kama arusi ambayo kila mgeni amepewa mtumishi wake, anayesimama naye mpaka anawe mikono. Wageni wakizidi, ua unajaa watumishi, hapapitiki. Ndivyo kumbukumbu ya mashine ilivyojaa, ikawa inajikokota. Nilisoma kitabuni juu ya aina nyingine: mpakuzi mmoja anazunguka na upawa, anampakulia anayeita, hamngoji atafune, anahamia kwa mwingine. Nikaiweka. Niliipima kwa maombi mengi kwa mpigo. Ya zamani ilikwama, yangu ikapita bila kuhema. Mjomba alicheka, "Mwanangu, umenipa mashine mpya bila kununua!"

Siku ya matokeo, yalipotangazwa tu, nilihifadhi kwenye seva kurasa za shule karibu zote. Ya shule moja haikuwamo. Mtu alipoiomba, programu yangu ilikwenda kuitafuta Dar es Salaam kwa laini ya simu, na niliiandika hivyo kwamba isimame ingoje jibu. Kwa mtindo wa zamani wangengoja mtumishi mmoja na mgeni wake mmoja. Kwangu mpakuzi ni yule yule, naye amekwenda kisimani, sahani zote tupu. Hilo sikulipima. Kompyuta zote kumi na mbili ziliganda kwa pamoja, na duka limejaa wazazi.

"Kazima! Kazima mwenyewe, nimemwona!"

"We mzee, matokeo ya mwanangu umemuuzia nani?"

"Wezi wa kuku tunawajua, leo tumempata mwizi wa madaraja!"

Wakacheka, Mama. Wakiwa wanacheka hivyo hivyo, fundi baiskeli wa jirani alinyanyua stuli akampiga nayo mjomba usoni. Nilisikia taya likivunjika. Alipoanguka walimkanyaga vidole. Wengine wakavunja kioo cha mlango, wakamburuta juu ya vipande vyake. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, nikiyaona hayo kupitia mlangoni. Sikupiga hata kelele. Niliizima programu, nikaiwasha upya.

Kurasa zikarudi.

"Si mnaona? Kumbe dawa yake kipigo!"

Wakampiga tena, ili zisizimike.

Sasa yuko hospitali, taya limefungwa waya. Anazungumza kwa kuandika kwenye daftari langu. Jana aliandika, "Bila wewe wangeniua." Anadhani nilimwokoa. Polisi wanasema akipata nafuu atashitakiwa kwa kuuza matokeo.

Msalimie Bibi, na mama mdogo anayekusaidia kubangua korosho, na wadogo zangu wote. Baba akiulizwa msikitini, asiiname. Aseme ni binti yake, si shemeji yake.

Nilipofika hapo niliweka kalamu. Nilivaa sare yangu ya shule, nikaenda hospitali, nikamsomea mjomba barua hii tangu juu.  Nilipomaliza aliniashiria nimpe daftari, akaandika neno moja: "Nenda." Nikaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu aliniambia hanisikii, niseme kwa sauti. Nilirudia mara tatu kwamba kompyuta ziligandishwa na programu yangu, mjomba hakuuza kitu; mara ya tatu hata watu wa barazani walisikia. Akaandika. Nikasoma alichoandika, nikatia sahihi.

Mwanao,
Zuhura