Kochi Lisilokalika

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Dumyat. Alhamisi, jioni.

Jina: Abdulmawgud Shehata Zoghbi
Umri: Miaka sabini na nne (marehemu mke wangu alishikilia kuwa sabini na saba)
Kazi: Fundi wa kushona makochi, mstaafu
Makazi: Ghorofa ya pili, jengo lililo nyuma ya soko la mbao
Kuhusu: Tuhuma kwamba Hazem Diyab alimsukuma Hajati Inshirah Shalabi akaanguka

Mimi niliona kila kitu kwa macho yangu mawili, na Dumyat nzima hakuna anayeona vizuri kunishinda. Afande amelitazama jicho langu la kushoto, akaweka kalamu chini. Basi, futa. Andika jicho moja. La kushoto lina mtoto wa jicho tangu mwaka juzi. Anasema hapa kituoni maneno hayafutwi. Haya, yabaki, lakini ijulikane kwamba la kulia ni zima kabisa, na ndilo linaloona punje ya maharage ya ful kwenye masharubu ya afande.

Leo Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, nilipanda ghorofa ya tatu, kwenye nyumba mpya ya kijana Hazem Diyab. Sikualikwa. Nilisikia harufu ya mishabik, vile vitamu vyetu vya kusokotwa vinavyoogeshwa shira, ikishuka ngazini, nikaona huo ni mwaliko tosha. Kesho Hazem anafunga ndoa na Nesma, binti wa Haji Mutawalli Shalabi. Leo watu wa bibi harusi walikuja kukagua vyombo vya nyumba, maana kwetu baba wa msichana hatii saini mpaka watu wake wameridhika na kochi, meza na kabati.

Vyombo havikuwepo. Wiki nzima mvua imenyesha, vanishi imekataa kukauka, kila kitu bado kiko karakana kwa fundi. Hazem hakulificha hilo. Alimwambia Haji Mutawalli mlangoni, nami nyuma yao navua viatu:

"Baba, vyombo havijakauka. Lakini nimekuja na miwani ya dukani. Mtaviona vyote mahali pake, kwa vipimo vyake."

Hazem anauza vyombo vya nyumba, na siku hizi mteja habebewi kochi kwenda kujaribu kama litaingia sebuleni. Anavalishwa miwani nyeusi, nzito. Ukiivaa unaona chumba chako na watu wako kama kawaida, ila katikati yao kuna kochi ambalo halipo. Alileta tatu.

Niliivaa mimi kwanza, kwa haki ya uzee. Wallahi nilitikisika. Kochi la kijani, miguu ya dhahabu, na mbele yake meza yenye bakuli la zabibu. Nikapeleka mkono kupapasa mshono, maana mshono siuamini kwa macho. Mkono ukapita kama kwenye moshi. Nimeshona makochi maisha yangu yote, na lile lilikuwa zuri kuliko langu lolote, na hakuna sindano iliyowahi kuligusa. Nikachukua zabibu. Nazo hazikuwepo.

Hajati Inshirah, dada yake Haji Mutawalli, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee Mawgud, zimeiva?"

"Tamu, Hajati. Nikubakizie kikonyo?"

Nikavua miwani nikampa yeye. Nikaenda kwenye sinia la mishabik, ambalo lilikuwepo kweli, limewekwa sakafuni kwa kuwa meza ilikuwa ya kwenye miwani. Afande, hapo ndipo kesi ilipo. Haji Mutawalli amevaa, mkewe amevaa, Hajati amevaa. Nesma na mama yake Hazem wako jikoni na chai. Wenye macho matupu chumbani ni mimi na Hazem tu.

Sasa, Dumyat sisi kochi hatulisifii kwa kulitazama. Tunaligonga, tunalipindua, tunalikalia. Na ukoo wa Shalabi, mkaliaji wao ni Hajati Inshirah. Yule haketi, anajitupa, ili springi zijieleze zenyewe. Mwaka jana alivunja mguu wa kochi la bwana harusi mwingine, harusi ikasogezwa mwezi mzima. Mafundi wakimwona kona ya mtaa hufunga milango wakasema wameenda kusali.

Hazem alimwambia, nami nikisikia: "Shangazi, tazama tu, usikae. Ni picha."

"Wee mtoto, mimi nimepanda ngazi zote hizi kutazama picha? Kochi lisilokalika la nini?"

"Litakalika Jumapili, shangazi."

"Jumapili ndoa imeshafungwa! Nitakuwa nakagua nini?"

Akageuka, akakusanya gauni, akasema "Bismillahi," akajitupa.

Hazem alikuwa amesimama karibu na ukuta, pale ambapo nyuma ya kochi pangekuwa. Niliona akiruka mbele, mikono imenyooka, viganja juu, kama mtu anayepokea mtoto. Alimdaka chini ya makwapa, uzito ukamshinda, wakaenda chini wote wawili mpaka ndani ya sinia. Mimi niliokoa vipande viwili.

Waliovaa miwani hawakuona hivyo, na wala hawasemi uongo. Kochi liliwaziba. Walimwona Hazem akijirusha mgongoni kwa Hajati, mikono ikizama ndani ya egemeo, kisha Hajati akamezwa, kichwa tu kikabaki juu ya mto wa kijani. Haji Mutawalli akapiga kelele: "Amemsukuma dada yangu!" Hajati naye alikuwa amesikia mikono mgongoni, akaamini. Akainuka na shira nyuma, akanyakua bakora yangu, akamtandika Hazem.

"Unanizuia kukaa, halafu unaniangusha! Unaficha nini?"

Haji akasema: "Anayemsukuma dada yangu haniolei binti. Kesho hakuna ndoa mpaka serikali iseme." Ndivyo tulivyofika hapa sote, na Hajati ananata kwenye kila benchi.

Nesma alitoka jikoni na chai. Hakulia. Aliuliza tu: "Hazem, mkono unauma?" Hapo ndipo nami nikautazama.

Naomba afande autazame pia. Kijana yuko hapo ukumbini. Mkono umevimba, shira imemgandia upande wa nyuma wa kiganja, na kipande cha mishabik kimenasa kwenye mkanda wa saa. Angekuwa amesukuma, angebaki amesimama, mikono mikavu. Mkono huu ulikuwa kati ya Hajati na sinia. Hakuna mtu anayemsukuma mtu kisha akawahi kujilaza chini yake, hasa kama anamjua Hajati Inshirah.

Afande ameniuliza kama kijana aliwatapeli. Hapana. Alisema ni picha. Kosa lake ni kuwavalisha wengine na kuwaacha wengine, chumba kimoja kikawa viwili. Siku nyingine awavalishe wote au asimvalishe mtu, na Hajati afungiwe jikoni.

Nimeyasema niliyoyaona kwa jicho hilo moja. Nimesomewa, nimeyakubali yote isipokuwa sentensi ya kwanza. Limebaki langu dogo. Bakora yangu iko mezani kwa afande, imefungwa karatasi, eti kielelezo. Aliniahidi nikisema kweli atanirudishia. Nimesema. Ngazi za nyumbani ni zilezile, na mishabik mfukoni zinayeyuka. Naomba bakora yangu.

(Dole gumba la shahidi, lenye shira)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Luteni Tharwat Qandil. Mkono wa mtuhumiwa umekaguliwa, uko kama shahidi alivyoeleza. Bakora imerudishwa. Mlalamikaji, Hajati Inshirah, amesomewa maelezo, kisha amefuta malalamiko kwa sharti moja: kochi likikauka, asilikalie mtu kabla yake. Haji Mutawalli amesema ndoa ni kesho baada ya sala ya Ijumaa. Mtuhumiwa amelikubali sharti, ameachiwa, na ameomba simu ya kituo ampigie fundi aongeze mguu wa tano.